Hati ya bima isomwe kuanzia nyuma
Mhadhara kwa wafanyabiashara wa Kirumba, Mwanza

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za kazi. Nimeombwa nizungumzie bima ya biashara. Tukiigusa yote, wa Mwaloni mtakosa soko la jioni, kwa hiyo nitashika karatasi tu: vifungu vya hati ya bima, na zile kurasa zinazobanwa kwa pini mwishoni, ambazo sisi wa bima tunaziita endosimenti, yaani hati za nyongeza.

Hati ya bima ya moto ina kijitabu kilichopigwa chapa, na kijitabu hicho ni kilekile kwa mwenye kinu cha kuchambua pamba na kwa mwenye duka la simu pale Makoroboi. Ndani yake kuna jedwali lenye jina lako, mahali biashara ilipo, kiasi cha bima na tarehe. Wengi husoma jedwali, wakiona jina limeandikwa sawasawa, hati inaingia kabatini kulala na leseni. Mimi nawaambia anzeni nyuma. Nyongeza ikipingana na kijitabu, inafuatwa nyongeza. Mahakama ya Uingereza ililieleza hilo tangu mwaka 1803, katika kesi ya Robertson na French: maneno ambayo wahusika wameyaandika kwa ajili ya mkataba wao yana uzito kuliko yaliyochapwa kwa ajili ya kila mtu. Mahakama zetu zimerithi mengi kutoka huko.

Na karatasi hiyo ya nyuma inaweza kukupa kinga, inaweza pia kukunyang'anya.

Tuchukue maji, maana sisi ni watu wa ufukweni. Hati ya kawaida ya moto inalipa moto na radi. Mafuriko hayamo, yanaingizwa kwa nyongeza ya majanga ya ziada, nawe unaongeza ada. Mwaka 2020 mliona wenyewe ziwa lilivyopanda, likafika kwenye kile kiwango cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wakitusimulia. Sasa tuseme una ghala karibu na maji na nyongeza ya mafuriko unayo. Usitulie bado. Nyingi zina mstari mdogo unaoondoa hasara iliyoletwa na kubadilika kwa kina cha maji ya ardhini peke yake. Maji yakivuka ukingo yakaingia mlangoni, hayo ni mafuriko, hakuna ubishi. Yakichipuka sakafuni polepole kwa sababu ziwa limepanda na ardhi imeshiba, mkadiria hasara atakuja na maswali. Mfanyabiashara wa Shinyanga anaweza kuupita mstari huo bila kuumia. Wewe uombe ufutwe, au uzungumzwe, kabla hujalipa ada.

Kuna kifungu kingine kinacholiza watu kuliko moto wenyewe: averegi, yaani kulipwa kwa uwiano wa bima uliyokata na thamani ya mali. Stoo yako ina nyavu, maboya na injini za boti za shilingi milioni 80. Ili ada ipungue, ukakata bima ya milioni 50. Moto ukateketeza mali ya milioni 24. Unasema moyoni, si iko chini ya 50, nitalipwa yote. Hulipwi yote. Ulikata bima ya sehemu tano kati ya nane za mali yako, na hasara italipwa sehemu tano kati ya nane: milioni 15. Humohumo kampuni inatoa eksesi, ile sehemu ya kwanza ya hasara unayobeba mwenyewe. Kampuni haijakudhulumu, imefuata ulichosaini.

Wenye dagaa hapa ndipo penu. Giza likiwa zuri stoo inajaa mpaka darini. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika na stoo inabaki na magunia ya kuhesabu. Ukate bima ya kiasi gani? Ombeni nyongeza ya kutangaza mali. Kiasi cha bima kinawekwa kwa kilele cha mzigo, unalipa sehemu ya ada kwanza, kila mwezi unatangaza thamani iliyomo, na mwisho wa mwaka ada inapigiwa hesabu upya. Nashangaa inavyoombwa na wachache. Ila ina kazi yake: mwezi ambao hukutangaza, kwa kawaida unahesabiwa kwamba stoo ilikuwa imejaa.

Waranti, yaani ahadi unazoiwekea kampuni ndani ya hati, nitazipitia haraka. Mlinzi wa usiku, mitungi ya kuzimia moto iliyokaguliwa, mzigo kuwekwa juu ya vichaga usiguse sakafu. Uingereza, sheria yao ya bima ya baharini ya mwaka 1906 ilitaka waranti itimizwe kamili, hata kama haihusiani na hasara. Wakailegeza mwaka 2015. Hayo ni ya kwao. Wewe isome waranti yako kama mtu atakayeulizwa neno kwa neno, na usiyoiweza ikatae mapema.

Kuhama nako. Wenzetu wa Soko Kuu walihamishiwa Mbugani kupisha ujenzi. Mali iliyohama inafuatwa na bima pale tu nyongeza ya kubadili mahali inapotolewa. Ujumbe wa simu kwa wakala, hata akikujibu “sawa boss”, hautoshi. Nyongeza ina namba yake, inataja namba ya hati yako, ina tarehe ya kuanza na saini ya kampuni.

Mama yangu pale nyuma ameuliza kuhusu mzigo wa majini, kwenda Ukerewe na Bukoba. Swali zuri. Bima ya mizigo hutumia mara nyingi vifungu vya London, yaani masharti ya kawaida yaliyoandikwa na watu wa bima wa huko, vyenye daraja A, B na C. C ni ya bei nafuu, na ndiyo watu hukimbilia. Lakini C hailipi mzigo uliosombwa na mawimbi kutoka sitahani, wala maji yaliyoingia ndani ya chombo. B inalipa vyote viwili, tena imetaja maji ya ziwa kwa jina lake. Waandishi wa London walitukumbuka. A ni pana zaidi. Ila mama, kabla ya kuchagua herufi, tazama kifungu cha daraja la chombo. Kile cha kawaida kinataka meli ya chuma yenye injini, iliyopewa daraja na taasisi inayotambulika. Kama mzigo wako unapanda boti la mbao, mwambie dalali wako hivyo waziwazi, na usipakie mpaka kampuni ikupe nyongeza inayolikubali boti hilo.