Kikosi cha Vijana Wanane: Uskauti Ulivyoenea Duniani

Ndugu viongozi, wazazi, na nyinyi vijana mliovaa skafu, asanteni kwa kufika.

Uskauti ukitajwa, kinachotangulia huwa ni hesabu: vyama vya kitaifa zaidi ya 170, wanachama zaidi ya milioni 50. Ni haki kujivunia. Leo naomba tutazame kitu kidogo zaidi, yaani kikosi cha vijana sita hadi wanane. Humo ndimo hesabu hizo zilimozaliwa, na humo ndimo mambo huanza kuharibika.

Agosti 1907, katika kisiwa cha Brownsea nchini Uingereza, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Uskauti, alipiga kambi na wavulana wapatao 20, baadhi wakitoka shule za wenye nazo, wengine wakiwa watoto wa wafanyakazi. Aliwachanganya makusudi, kisha akawagawa vikosi vinne: Mbwa Mwitu, Fahali, Kunguru na Sululu. Kila kikosi kilikuwa na mvulana wa kukiongoza, na mvulana huyo aliaminiwa kweli, akawajibika kwa mwenendo wa wenzake. Mwaka 1909 wasichana walijitokeza kwenye mkutano wa maskauti pale Crystal Palace, London, wakitaka nao wahesabiwe. Mwaka 1920, katika ukumbi wa Olympia, London, ilifanyika Jamborii ya kwanza, yaani mkutano mkubwa wa maskauti wa dunia, miaka 13 tu baada ya ile kambi ya kisiwani. Mfumo ulienea haraka kwa sababu kuuanzisha hakukuhitaji jengo wala fedha nyingi. Vijana wachache na mtu mzima mvumilivu walitosha.

Kwa nini sita hadi wanane? Wakiwa wanne, mmoja akiugua kazi ya kambi inasimama. Wakifika 12, watatu wanapika na tisa wanatazama, na hao tisa ndio wanaoacha kuja. Kiongozi wa kundi, yaani vikosi kadhaa kwa pamoja, akiona kikosi kimevimba, akigawe mara moja, asisubiri mwisho wa mwaka. Halafu kila kijana apewe kazi yenye jina: kiongozi, msaidizi wake, mpishi, mtunza vifaa, mweka hazina, mtu wa huduma ya kwanza. Viongozi wa vikosi wakutane peke yao kabla ya kila mkutano wa kundi, wapange ratiba, na mtu mzima aliyepo asikilize zaidi ya anavyosema.

Kosa linaloua makundi mengi ni mtu mzima kushika kamba. Chukueni mfano wa meza ya kambi, ile ya miti iliyofungwa kwa kamba. Kamba hufungwa kwanza kwenye mti uliosimama, chini ya pale miti miwili inapokutana. Huzungushwa miti yote miwili mara tatu, kila mzunguko ukivutwa kwa nguvu. Kisha hupitishwa kati ya miti mara mbili ili kuikaza mizunguko ile, ndipo hufungwa fundo la mwisho. Vijana karibu wote huruka ule ukazaji wa katikati, na meza inayumba. Mkubwa akiifunga upya mwenyewe, wamejifunza kwamba yupo wa kuwafanyia. Akiwauliza tu, "Kamba imelegea wapi?", wataifungua na kuirudia.

Uimara wa vikosi hivi ulijaribiwa vibaya mno. Huko Poland, chini ya utawala wa Wanazi, maskauti waliendelea kwa siri wakijiita Szare Szeregi, yaani Safu za Kijivu. Warszawa ilipoasi Agosti 1944, ndio walioendesha posta ya mji, wakibeba barua fupi katikati ya mapigano. Chekoslovakia, chama cha maskauti cha Junák kilivunjwa na Wanazi, kikafufuka 1945, kikazimwa na Wakomunisti, kikafufuka 1968, kikazimwa tena 1970, kikarudi 1989. Ofisi unaweza kuzifunga kwa siku moja. Vikosi vya watu wanane wanaofahamiana ni vigumu kuvimaliza. Katika mafanikio yote ya Uskauti, hili nalipa uzito mkubwa kuliko medali yoyote.

Miaka ya 1980 Uskauti ulishirikiana na UNICEF katika afya ya watoto. Kijana aliyejua kupima aliweza kumwonyesha mama jinsi ya kumwokoa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Sukari ikizidi, kuharisha kunaongezeka. Ndiyo maana kijiko husawazishwa kwa kisu, hakikadiriwi kwa jicho. Mwaka 1981 harakati ilipokea tuzo ya UNESCO ya elimu ya amani, mwaka wa kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa.

Sasa tusiogope kusema palipokwama. Jamborii ya 2023 huko Saemangeum, Korea Kusini, ilikusanya vijana zaidi ya 40,000 kwenye ardhi iliyofukiwa kutoka baharini. Ardhi hiyo ilikuwa tambarare, haina miti ya kivuli, na maji yalituama. Joto likapita nyuzi 35, mamia wakahitaji matibabu, vyoo vikalalamikiwa, Uingereza na Marekani wakaondoa vijana wao, na mwishowe kimbunga kikawahamisha wote. Kwenye Jamborii ya Arrowe Park, Uingereza, mwaka 1929 nako mvua iligeuza kambi kuwa tope, ila tope halimwangushi mtu kama joto. Kambi iwe ya watu 16 au 40,000, maswali ni yale yale: maji ya mvua yatakwenda wapi, kivuli kiko wapi saa nane mchana, na nani ana mamlaka ya kuvunja kambi? Kwenye joto, gawa vijana wawili wawili, kila mmoja amwangalie mwenzake: akiacha kujibu vizuri au akianza kuyumba, apelekwe kivulini na apoozwe kwa maji papo hapo, huku msaada ukiitwa.

Jamborii ijayo ni 2027, Gdańsk, Poland. Maandalizi yake yanaanza na viongozi, kama ilivyokuwa Gilwell Park, kituo cha mafunzo ya viongozi wa maskauti nchini Uingereza, Septemba 1919, walipofunzwa wakubwa kwa kuwekwa wenyewe kwenye vikosi, wakapika na kufunga kamba.

Nasi tutafanya hivyo. Miti na kamba viko nje. Jigaweni wanane wanane, msiojuana, mchague kiongozi, na baada ya nusu saa tutakuja kuegemea meza zenu.