Wapakataji, wagusaji na wakaaji: mhadhara kwa wauguzi wa wodi ya watoto

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana wa chuo, marahaba. Nimepewa saa moja lakini nitatumia nusu, maana najua mlioko zamu mmeacha mtu mmoja wodini na mitungi miwili ya oksijeni.

Mnaona leo nimekuja bila picha za ukutani. Nimekuja na watu 31. Mwaka 1981, kule Rochester, jimbo la New York, daktari wa watoto Caroline Breese Hall na mwenzake walitangaza matokeo ya jaribio ambalo mimi silichoki. Walikuwa wanasumbuliwa na RSV, kile kirusi kinachoziba vinjia vidogo vya hewa vya mtoto mchanga mpaka mbavu zinabonyea na pua zinapanuka kama za punda aliyepanda mlima. Mtoto analazwa kwa jambo lingine kabisa, baada ya siku kadhaa anakohoa. Nani kampa?

Wakachukua watu wa kujitolea, wakawagawa mafungu matatu. Saba walimpakata mtoto mgonjwa, wakambadilisha nepi, wakamlisha. Kumi hawakumwona mtoto kabisa: aliondolewa chumbani, wao wakaingia, wakagusa kitanda na vitu vyake, kisha wakajigusa macho na pua. Kumi na wanne walikaa tu kwenye kiti, karibu mita 2 kutoka kitandani, wala hawakugusa kitu.

Kati ya wapakataji 7, waliambukizwa 5. Kati ya wagusaji 10, waliambukizwa 4. Kati ya wakaaji 14, hakuna.

Hao wagusaji ndio walioninyima usingizi. Hawakukoholewa, mtoto hayupo, ila walishika chuma cha kitanda. Na sisi tunashika nini kutwa? Kitasa, faili, kipimajoto, kile kibanio cha kidole cha kupimia oksijeni kinachotoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kufutwa. Daktari naye na stetoskopu yake shingoni kama mkufu wa bibi harusi. Ulimwona lini akiifuta kwa spiriti kati ya kitanda na kitanda?

Hall alikuwa ameshapima pia kirusi hiki kinaishi muda gani nje ya mwili. Juu ya meza ngumu, hadi saa 6. Kwenye kitambaa, nusu saa na kidogo. Kwenye ngozi ya mkono, hadi dakika 20. Kwenye glovu za mpira, hadi saa moja na nusu.

Narudia hilo la mwisho kwa sababu naona kuna mtu ananong'ona. Kwenye glovu kinakaa muda mrefu kuliko kwenye ngozi. Nimefanya kazi na dada mmoja hodari sana, mikono miepesi, mshipa wa mtoto anaupata kwa kupapasa tu. Alikuwa anavaa glovu saa moja asubuhi na kuzivua chai ya saa nne. Vitanda vyote, jozi ile ile. Yeye alijiona amejikinga, na kweli alijikinga yeye. Glovu hazikuwekwa badala ya kunawa. Unavua, unapaka kitakasa chenye spiriti, unasugua hadi mikono ikauke yenyewe, sekunde 20 hadi 30, ndipo unamwendea mwingine. Hiki kirusi kina ganda la mafuta, spiriti inalivunja upesi. Ni kirusi dhaifu kwa kweli. Sisi ndio tunaokibeba kwa uangalifu.

Sasa jaribio lile lisiwapumbaze. Wakaaji 14 walisalimika na RSV, lakini wangekaa na mtoto mwenye surua tungekuwa na hadithi nyingine. Surua hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Mafua makali na korona navyo hupita hewani, hasa pale watu wamejazana na madirisha yamefungwa. Hapo mikono pekee haitoshi.

Mwaka 2003 SARS, ugonjwa mkali wa mapafu unaoletwa na kirusi, iliingia Hanoi, Vietnam. Hospitali ya kwanza iliyompokea mgonjwa iliumia vibaya, wauguzi na madaktari wakaangushwa. Carlo Urbani, daktari wa Shirika la Afya Duniani aliyeipigia kelele mapema, alifariki kwa ugonjwa huo huo tarehe 29 Machi. Hospitali ya pili iliyotengwa kupokea wagonjwa ilikuwa ya umma: wodi pana, dari za juu, mapangaboi, madirisha wazi pande mbili. Hakuna mfanyakazi wake aliyeambukizwa. Walivaa barakoa pia, nisiwadanganye kwamba ni dirisha peke yake.

Miaka michache baadaye, kule Lima, Peru, watafiti walipima hewa ya wodi. Milango na madirisha yakiwa wazi, hewa yote ya chumba ilibadilika kama mara 28 kwa saa, wakati vyumba vinavyoingiziwa hewa kwa mashine vilihesabiwa mara 12. Na majengo ya kabla ya 1950 yaliyashinda mapya kwa mbali. Mtu akipita Ocean Road pale Dar es Salaam alitazame lile jengo la hospitali la Wajerumani lilivyoikabili bahari. Wale walijenga wakiamini malaria inaletwa na hewa mbaya. Kuhusu malaria walikosea. Madirisha walipatia.

Haya, mtaniambia, vitanda vyetu watoto wanalala mzungu wa nne, mita moja kati ya kitanda na kitanda tunaisoma kwenye mwongozo tu. Najua. Basi wenye kikohozi walale na wenye kikohozi, upande ule ambao upepo ukishawapitia unatoka nje, usiende kwa wenye utapiamlo. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji mtu wa kusimama katikati ya wodi na kipande cha uzi aone kinapepea kwenda wapi.

Na wageni. Watafiti wa Kilifi walipofuatilia kaya, waliona kwamba anayemletea mtoto mchanga RSV nyumbani mara nyingi ni kaka au dada anayesoma shule. Kwa hiyo yule mtoto wa darasa la pili mwenye makamasi anayekuja kumwona mdogo wake, asalimie kupitia dirishani.

La mwisho ni langu mwenyewe. Nikiwa kijana niliingia zamu ya usiku na mafua, kwa sababu hakukuwa na wa kunishikia. Nilipakata watoto watatu usiku ule. Siku ya tano wawili wao walikuwa kwenye oksijeni. Siwezi kuapa kwamba ni mimi, na siwezi kuapa kwamba si mimi. Ratiba isiyo na mtu wa akiba ni njia ya maambukizi, matroni, iandikeni hivyo kwenye ripoti.

Maswali? Ndiyo, dada wa nyuma. Anauliza mama mwenye mafua anyonyeshe? Anyonyeshe. Avae barakoa, anawe kabla ya kumshika mtoto, akimaliza asimlaze uso kwa uso.

Na wewe? Usiku akina mama wanafunga madirisha kwa ajili ya mbu na baridi. Swali zuri. Baridi, mfunike mtoto, mvike kofia. Mbu, kuna chandarua na kuna wavu wa dirishani. Ila huo wavu wenu nimeupitia nikiingia: umezibwa na vumbi, hewa haipenyi hata ukiacha dirisha wazi. Unafunguka kwa skrubu nne. Leteni ndoo na brashi, nikimaliza chai nitawashikia ngazi.