Pindu, Ngonjera na Mgogo Tuliyemsahau

Mbukwenyi ndugu zangu, na walimu wenzangu mliotoka mbali kuja hapa Dodoma, karibuni.

Naomba nianze na kosa langu. Miaka kadhaa nyuma nilimkata maksi binti mmoja wa kidato cha tatu. Swali lilitaka jina la shairi ambalo maneno yanayofunga ubeti mmoja ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata. Mimi nilisubiri "pindu", yeye akaandika "mkufu". Nikampiga mkasi. Jioni nikafungua vitabu, nikakuta pindu, mkufu na nyoka, yote ni majina ya kitu kimoja. Kesho yake nilimrudishia maksi zake mbele ya darasa.

Kwa asiyelikumbuka, tuseme ubeti wa kwanza unamalizika hivi:

*Mvua imetuhama, uwele unanyauka.*

Wa pili nao unaanza:

*Uwele unanyauka, visima vinakauka.*

Utao, yaani kipande cha pili cha mstari ule, umekuwa ukwapi, kipande cha kwanza cha mstari huu. Msikilizaji anashikwa mkono, havuki ubeti peke yake. Sasa niambieni, nani aliyebuni ufundi huu? Hatuna jina lake. Na bado kila mtunzi anayetunga pindu anamfuata.

Hapo ndipo ulipo ubishi wetu wa leo, wa nani ahesabiwe kuwa ameacha alama katika ushairi wa Kiswahili. Nikiuliza, najua mtasema Shaaban Robert, na Muyaka bin Haji wa Mombasa, na Mwana Kupona. Sina ugomvi nao. Atatajwa pia Sheikh Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi kilitupa kipimo tunachosahihishia hadi leo. Kezilahabi naye, na *Kichomi* yake ya 1974, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, alivunja kipimo hicho, na ugomvi ule haujapoa.

Lakini mbona hapa, katika ardhi yake mwenyewe, sisikii jina la Mathias Mnyampala?

Mnyampala alizaliwa 1917, Mgogo, mtoto wa bara asiyenyonya Kiswahili kwa mama. Aliandika historia, mila na desturi za Wagogo, akatoa diwani yake 1963, akawa kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 aliikuza ngonjera, ushairi wa kujibizana jukwaani. Alifariki 1969, na vitabu vya *Ngonjera za UKUTA* vikatoka baada ya yeye kuzikwa.

Nendeni shule yoyote ya msingi siku ya mahafali. Watoto wamepanga mistari miwili, soksi zimevutwa hadi magotini. Mmoja anatoka mbele, mkono kifuani, anauliza kwa beti. Wa upande wa pili anamjibu kwa vina vilevile. Mgeni rasmi anatikisa kichwa, kina mama wanapiga vigelegele. Mwulizeni yule mtoto ngonjera ni ya nani, atawaambia ni ya mwalimu wake.

Wapo watakaonipinga kwamba kujibizana kwa beti kulikuwako pwani zamani sana. Ni kweli, malenga wa Mombasa walirushiana mashairi kabla babu zetu hawajaijua reli. Mnyampala hakuanzisha kujibizana. Alikuchukua akakupandisha jukwaani, akaupa kila upande mwili na sauti, na mwishoni lazima mmoja akubali hoja ya mwenzake.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba ngonjera ilitumwa kazi na siasa. Yule asiyejua Ujamaa anaelimishwa na anayejua, basi, na mshindi anajulikana tangu ubeti wa kwanza. Hili linaniuma, maana ziko ngonjera nilizosoma ambazo ni hotuba iliyovalishwa vina. Hata hivyo, kupima alama aliyoacha mtu si sawa na kupima utamu wa kila beti yake. Mimi napima kwa vinywa. Fani iliyotungiwa siasa ya wakati mmoja leo inasema habari za malaria, utoro na kuaga darasa la saba, na inasemwa na watoto ambao hawajawahi kufungua diwani.

Kwa hiyo nina ombi moja kwenu walimu wa Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Chamwino. Mahafali yajayo, kabla mtoto wa kwanza hajatoka mstarini, mshereheshaji alitaje jina la Mnyampala, kisha watoto waendelee.