Mwingereza Huficha Maana, Mmarekani Huficha Bei

Hamjambo, watazamaji wangu wa Dar es Salaam, Mombasa na kwingineko. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza maisha ya hapa Houston yanatofautianaje na yale ya Leicester, Uingereza, nilikoishi kabla ya kuhamia Marekani, ilhali kote huko watu wanazungumza Kiingereza. Jibu langu ni kwamba Mwingereza huiweka bei hadharani na kuificha maana, ilhali Mmarekani hutamka wazi yote yaliyomo moyoni mwake, isipokuwa bei.

Tuanze na bei, kwa kuwa ndiyo inayogusa mfuko. Uingereza, shati lililoandikwa pauni 20 hulipiwa pauni 20, kwa sababu kodi ya ongezeko la thamani imekwishajumuishwa humo. Hapa Houston, shati la dola 20 likifika kaunta huwa la dola 21 na senti 65, maana kodi ya mauzo ni asilimia 8.25, ambayo sehemu yake kubwa ni ya jimbo la Texas na iliyobaki ni ya mamlaka za mitaa. Ukienda jimbo la Oregon, kodi hiyo haipo kabisa.

Mgahawani ndiko kwenye kasheshe. Umekula chakula cha dola 30, kodi ikaongezwa, kisha mhudumu anakuletea kimashine kinachokuuliza utaacha bakshishi ya asilimia 15, 18 au 20, naye amesimama kando akijifanya anatazama dirishani. Ukibonyeza 18, unatoka ukiwa umelipa karibu dola 38. Hata hivyo, kabla hujanung'unika, fahamu kwamba sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa aina hiyo dola 2.13 tu kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu mwaka 1991, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha dola 7.25, la sivyo mwajiri afidie pengo. Kwa maoni yangu huo ni mzigo wa tajiri aliotwishwa mteja, lakini ukiondoka bila kuacha kitu unamwadhibu mtu asiyehusika.

Katika baa za Uingereza, unaagiza kaunta, unalipa, basi. Ni kweli kwamba migahawa mingi ya London huongeza asilimia 12.5 ya huduma kwenye bili, na kwa kawaida unaruhusiwa kuomba iondolewe, ila Mwingereza yuko radhi afe njaa wiki nzima kuliko kufungua mdomo kuomba jambo kama hilo.

Hiyo haya yake ndiyo inayoitatiza lugha yake. Akikuambia kazi yako ni "quite good", usikimbilie kupiga simu nyumbani kutangaza ushindi, kwa maana huenda anasema kwamba inaridhisha tu. Mmarekani akitamka maneno hayohayo, anakusifu kwa dhati. Mwingereza akikupita kwenye korido akauliza "you all right?", hajaona kwamba unaumwa. Hiyo ni salamu, nawe unamrudishia vivyo hivyo huku ukiendelea na safari yako. Sisi tuliozoea kuulizana habari za nyumbani, za watoto na za kazi bila pupa, tunawaona wote wawili kuwa watu wa mbio.

Wazazi mnaokuja kuwatembelea watoto, jihadharini na Kiingereza chetu cha shuleni, ambacho tulirithi kwa Mwingereza. Mkiingia dukani hapa kumtafutia mjukuu "rubber" ya kufutia penseli, mtaonyeshwa kondomu. Kinyume chake, Mmarekani anayesifia "pants" za mwenzake anasifia suruali, ilhali huko Leicester angekuwa amesifia chupi.

Na tarehe ndiyo yenye hatari kuliko yote, kwa sababu haichekeshi mpaka uchelewe. Mmarekani hutanguliza mwezi, hivyo 5/6 kwake ni tarehe 6 Mei, na kwa Mwingereza, kama kwetu, ni tarehe 5 Juni. Siku ikizidi 12 utaligundua kosa mara moja, lakini chini ya hapo miadi ya daktari au ya ndege inaweza kukupita ukiwa umekaa nyumbani kwa utulivu. Mimi siku hizi naandika jina la mwezi kwa herufi, hata kwenye karatasi ndogo ya kubandika mlangoni mwa friji.