Huyo "Mtu Mmoja" wa Wastani Yuko Wapi?

Haya jamani tuanze, na waliokuja na GDP zao, yaani pato la taifa, mfukoni waziache hukohuko maana leo sizitaki. Kila nikienda mahali mtu ananiambia nchi fulani kipato cha mtu mmoja, yaani pato lote kugawa kwa idadi ya watu, kimepanda, mtu mmoja yupi?

Kuna mchumi Mholanzi, Jan Pen, mwaka 1971 alitupa picha ambayo mimi sichoki nayo, wanaoijua wanivumilie. Chukua wote wenye kipato, wapitishe gwaride la saa moja, wafupi mbele, urefu wa kila mtu ulingane na kipato chake. Wewe ni wa wastani, umesimama pembeni unatazama. Wa kwanza kabisa wanapita vichwa chini miguu juu, hao ni wenye biashara waliokula hasara, halafu vijitu, vijitu, vijitu, nusu saa nzima umeinama shingo inauma unajiuliza mbona wa saizi yangu hafiki? Kwa hesabu zake za Uingereza anafika zikiwa zimebaki dakika 12 tu! Sekunde za mwisho ni majitu, unaona soli ya kiatu tu, kichwa kiko mawinguni.

Sasa lifanye la dunia nzima. Mwaka 2021 nusu ya chini ya watu wazima waligawana asilimia 8.5 ya kipato chote, asilimia 10 ya juu wakabeba 52. Nimepiga hesabu, kama wewe unayetazama una sentimita 170 basi hao wa nusu ya chini wastani wao, haya nimelitumia hilo neno msinicheke, ni sentimita 29. Rula ya shule inawapita.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema kimoyomoyo wafanye kazi kwa bidii. Kinyozi ni kinyozi, mashine ileile, kichwa kilekile, ila anayenyoa Norwei anamwacha mbali sana mwenzake wa Malawi. Mchumi Branko Milanovic alikuta zaidi ya nusu ya tofauti za vipato duniani inatokana na nchi unayoishi tu, sasa bidii itakusaidia nini na viza huna?

Ndani ya nchi nako kuna Gini, kile kipimo cha pengo la vipato, 0 wote sawa, 100 mmoja kabeba vyote, Afrika Kusini ilikuwa 63 mwaka 2014, Marekani kwenye 41 hivi, tupite. Kwenye kodi nilikuwa na mengi lakini naona naoneshwa saa. Haya, wewe mwenye fulana ya kijani, uliza, ila ukianza na "kwa wastani" nakunyang'anya maiki.