Diski ya TB 16 Inayoingia Mfukoni

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuna msikilizaji anayepiga video za harusi hapa Dar. Laptopu imejaa hadi haipumui. Kapita Kariakoo, kaonyeshwa diski ya nje ya TB 16, kadogo kama kiberiti, bei chee. Anauliza, achukue?

JUMA: Asichukue hata akipewa bure.

REHEMA: Kaka, ungeniacha basi nimalize ujumbe wa watu!

JUMA: Dada, hesabu inakataa. Mwaka 2024 WD, kampuni ya kutengeneza diski, walitoa ya mfukoni ya TB 6. Katika zile za inchi 2.5, zenye sahani zinazozunguka ndani, hiyo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Huyu wa mezani TB 16 kaitoa wapi?

REHEMA: Lakini muuzaji anaichomeka, kompyuta inasoma TB 16 mbele yako.

JUMA: Itasoma, maana ndivyo ilivyofundishwa kusema. Bandua ganda uone: kamemori kadi ka simu, labda GB 64, na TB moja ni GB elfu, kamegandishwa kwa gundi. Chipu inayokasimamia imechakachuliwa ili iidanganye kompyuta.

REHEMA: Na ukihamisha faili?

JUMA: Zinaingia vizuri tu, na hapo ndipo pabaya. Zile GB 64 zikijaa, mpya zinaandikwa juu ya za zamani au zinapotelea hewani. Majina unayaona, ukubwa wa faili unauona. Bibi harusi akija kudai video yake, unabonyeza, haichezi.

REHEMA: Mama yangu! Sasa tunaijuaje?

JUMA: Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw, ya jarida la c't la Ujerumani. Inaijaza diski yote, kisha inasoma tena kila ilichoandika. Wa Mac na Linux watumie F3. Fanya hivyo kabla hujaweka kitu, risiti ikiwa bado mbichi. Ila diski nzima ya TB 1 inaweza kula kama saa tano, kwa hiyo iache usiku, na TANESCO wakuhurumie.

REHEMA: Haya, mtu kanunua halisi ya TB 1, kafika nyumbani anaona GB 931. Anarudi dukani kugombana.

JUMA: Amwache muuzaji wa watu. Kiwanda kinahesabu baiti trilioni moja, Windows inagawanya kwa 1024 mara tatu ndiyo ipate GB. Baiti ni zilezile. Mac ingemwonyesha TB 1.

REHEMA: Na hao wa Mac wananipa tabu! Nikiwapa diski yangu wanasoma kila kitu, kuandika hawawezi.

JUMA: Hiyo ni NTFS, mpangilio wa faili wa Windows. Ifomati iwe exFAT, itaandikika kote kote. FAT32 achana nayo, haipokei faili moja ya zaidi ya GB 4, na video ya harusi inapita hapo mapema. Ila kufomati kunafuta, hamisha vitu kwanza.

REHEMA: Mimi ningemwambia anunue SSD, diski ya chipu tupu, amalize. Haina sahani, ikidondoka mezani hupati presha.

JUMA: Na bei je? Kwa hela ya SSD ya TB 1 anaweza kupata za kuzunguka mbili, kazi moja akaiweka kote kuwili.

REHEMA: Akihariri humo humo kwenye diski ya kuzunguka, atalala hapo.

JUMA: Kuhariri, sawa, SSD. Kuhifadhi video za wateja, abaki na hizo mbili, na moja isilale nyumba moja na laptopu. Mwizi akiingia hachagui.

REHEMA: Hapo nakubali. Na kasi? Wengine wanalalamika diski mpya inatambaa.

JUMA: Waangalie tundu. USB 3, mara nyingi la bluu, GB 64 zinahama kwa kama dakika 10. Kwenye USB 2 ni kama nusu saa, diski ileile. Na waya usiuchezee: wa diski nyingi una kile kichwa kipana chenye vipande viwili, kinalegea haraka. Mtu anadhani diski imekufa kumbe waya.

REHEMA: Basi anunue na waya wa akiba hapohapo. Tusome ujumbe wa pili, huyu yuko Tanga, printa yake inakula karatasi.