Tafakuri Ilianzia Kinywani

Tumsifu Yesu Kristo. Swali ni lilelile la mwaka jana na mwaka juzi: je, Mkristo anaruhusiwa kufanya meditesheni, yaani kukaa kimya na kutafakari, au ni jambo la kigeni kwetu? Safari hii limeletwa na binti wa kwaya. Ameambiwa na mhubiri mmoja kwamba ukifumba macho ukakaa kimya, unayafungulia mapepo mlango. Sasa binti huyo haingii tena kuabudu Ekaristi peke yake. Anaogopa kimya! Jambo hili limeniuma sana.

Tufungue Yoshua 1:8. "Kitabu hiki cha torati kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake mchana na usiku." Kinywani, jamani. Neno la Kiebrania hapo ni haga, na Isaya analitumia neno hilohilo kwa simba anayenguruma juu ya windo lake, tena kwa hua anayelia. Kutafakari kwa Biblia kuna sauti. Ni kulinong'ona Neno, kulicheua kama ng'ombe anavyocheua majani.

Bibi yangu hakujua Kiebrania. Alfajiri alikaa kwenye mkeka, ungo wa mchele mapajani, akichambua. Kila kijiwe alichokitoa, midomo ilicheza: "Yesu, unihurumie." Kijiwe kingine, "Yesu, unihurumie." Ukimsemesha alikuinulia kidole kimoja bila kunyanyua macho, akamaliza, ndipo akakuitikia. Babu alipofariki nilimkuta palepale na ungo mtupu, hauna hata punje, vidole vinatembea juu yake na midomo inacheza vilevile. Sikumsemesha. Nilikaa kando yake mpaka jua likapanda.

Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba wamonaki Waorthodoksi wa Mlima Athos, kule Ugiriki, wanasali sala hiyohiyo karne hadi karne, wakiiendesha pamoja na pumzi: Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi. Nikasoma pia kwamba Yohane Kasiano, karne ya 5, aliwafundisha Wakristo wa Magharibi desturi ya wamonaki wa Misri ya kushika aya moja tu, Zaburi 70:1, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima", kazini, mezani na kitandani. Masifu yetu, zile sala za vipindi vya siku, huanza kwa aya hiyo hadi leo. Hicho ndicho mnachoniambia ni kigeni?

Kuna mtu hapo nyuma ameshafungua Mathayo 6:7 kupinga kurudiarudia sala: "msipayuke-payuke, kama watu wa mataifa". Vizuri, asome na sababu aliyoitaja Bwana: wao hudhani watasikiwa kwa wingi wa maneno. Zaburi 136 inarudia "fadhili zake ni za milele" mara 26. Bartimayo alinyamazishwa akazidi kupaza sauti neno lilelile, na Yesu akasimama.

Lakini msinielewe kwamba kila kitu ni halali. Ile meditesheni ya Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu wa Kihindi, huanza kwa ibada ya Kisanskriti mbele ya picha ya guru, yaani mwalimu wa kiroho, kwa matunda na maua, kisha unapewa neno la siri. Mwaka 1979 mahakama ya rufaa ya Marekani ilizuia isifundishwe katika shule za umma za New Jersey, ikiona ni dini. Basi Mkristo asiambiwe ni mazoezi ya akili tu! Na barua ya Vatikano ya Oktoba 1989, aliyoitia saini Kardinali Ratzinger, baadaye Papa Benedikto wa 16, haikukataa mikao wala pumzi. Ilionya tusidhani utulivu wa mwili peke yake ndio Roho Mtakatifu. Kwa hiyo mimi nauliza jambo moja: ukikaa hapo, unaongea na nani? Daktari akikufundisha kuvuta pumzi polepole ili presha ishuke, fanya, upone. Ila usiseme umesali.

Nilitaka kueleza Mazoezi ya Kiroho ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, namna anavyokuingiza ndani ya tukio la Injili kwa macho na masikio. Saa imekwisha. Na wale wamonaki Wabenedikto wa Peramiho, kusini mwa Tanzania, walioishi kwa kusoma na kutafakari tangu 1898, hata sikuwagusa. Siku nyingine.

Tuna dakika kumi kabla ya kengele. Zaburi 131, aya tatu tu. Simu zizimwe. Kila mmoja aisome kwa midomo, taratibu, mpaka akutane na yule mtoto kifuani mwa mama yake, kisha abaki hapo. Binti yangu wa kwaya, njoo ukae huku mbele, karibu nami.